Mlango Kwanza, Kitabu Baadaye: Kumzoesha Mtoto Sanaa Hapa Lamu

Mtoto wa Lamu huzaliwa katikati ya kazi za mafundi. Nyumbani kuna zidaka ukutani, nje kuna mlango wa nakshi, pwani kuna mashua zilizowekwa jicho kwenye omo, na mamake amejifunga leso yenye pindo la korosho. Kila siku hupita mbele ya vitu hivi mbio mbio akimkwepa punda. Ukimuuliza sanaa ni nini, atakuonyesha kitabu cha kupaka rangi kilichonunuliwa dukani, chenye sungura wa katuni na mistari ambayo ameambiwa asiivuke.

Sina ugomvi na kitabu cha kupaka rangi. Siku ya mvua kinamtuliza mtoto na mama akapata nafasi ya kupika. Lakini hakimfundishi kutazama, na mtoto asiyezoea kutazama, hata umpe kitabu chenye picha bora za dunia nzima, atafunua kurasa zote kwa dakika mbili, akirudishe, aulize simu iko wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jicho, halafu kitabu, halafu mikono. Ni wa mzazi, shangazi, babu au mwalimu ambaye hakusomea sanaa na hana pesa za kuchezea. Tenga saa moja kwa wiki. Ijumaa jioni yafaa, maana chuo cha Kurani kimefungwa.

Hatua ya 1: Mlango mmoja, nusu saa

Chagua mlango mmoja. Mmoja tu, usifanye ziara ya mji mzima. Mtaa wa Mkomani ndio wenye milango mingi ya zamani, lakini hata mlango uliochongwa juzi unafaa. Piga hodi, eleza shida yako, na mkikaribishwa kaeni kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, la jirani anayetazamana na mlango huo.

Mtajie mtoto sehemu zake: kizingiti cha juu, miimo ya pande mbili, na mfaa, ule mti wa katikati wenye nakshi kuliko mbao nyingine. Kisha mpe kazi ya kwanza: atafute kitu kinachojirudia. Wa miaka minne ataona maua. Wa miaka saba ataona kwamba maua yako ya aina mbili na yanapokezana. Mhesabishe majani ya waridi moja.

Kazi ya pili ndiyo tamu. Pembeni mwa fremu mara nyingi huwa kuna mnyororo uliochongwa. Mwambie aufuate kwa kidole hewani, aanzie chini upande wa kushoto, apande, apite juu, ateremke kulia, bila kuruka pete hata moja. Akifika kwenye kona atasita. Pale mnyororo unapinda, na fundi alilazimika kuamua utapinda vipi: akate pete katikati, aibane, au aweke ua dogo la kuziba. Mtoto akiona hilo, basi ameona kwamba kuna mtu aliyekaa na patasi akafikiri. Mpaka hapo alidhani milango huota tu.

Msichore chochote pale. Mkifika nyumbani mpe penseli au kipande cha kaa la moto lililozimika, achore jambo moja tu analolikumbuka. Akikosea, mwache. Wiki ijayo mtapita tena pale pale, na yeye mwenyewe atasema, "Aa, kumbe yalikuwa majani manane." Baada ya hapo kuna siwa mbili, yale mabaragumu makubwa ya zamani, za kumwonyesha katika Makumbusho ya Lamu, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, zote zimejaa nakshi. Anayesoma haya akiwa Malindi ana magofu ya Gede karibu, na mihrabu yake yafaa vile vile.

Hatua ya 2: Kutafuta vitabu

Vitabu vya watoto vya sanaa kwa Kiswahili ni vichache, tusidanganyane. Lakini si lazima kitabu kiwe na neno "sanaa" kwenye jalada. Tafuta hadithi yenye picha zilizochorwa kwa moyo, kitabu cha picha kisicho na maneno hata kidogo, na angalau kimoja chenye kazi za wasanii wa kweli, hata kikiwa cha Kiingereza, kwa sababu maandishi yake hamtayahitaji sana. Kalenda za zamani za ukutani nazo ni mali.

Mradi wa African Storybook una hadithi za picha nyingi za Kiswahili kwenye intaneti, zinazopakuliwa bure na kuruhusiwa kuchapishwa. Pakua mbili tatu kwenye simu, uzichapishe saiba kwa rangi kama mfuko unaruhusu. Mtoto mdogo anahitaji karatasi ya kushika. Picha ya kwenye simu huteleza, na kidole chake kimeshazoea kuisukuma kando. Ndani ya Ngome ya Lamu, iliyokuwa jela hadi 1984, mna maktaba. Mpeleke, hata kama mtarudi mikono mitupu, ajue njia.

Namna ya kupima kitabu cha picha kabla ya kukinunua ni hii: funika maandishi kwa kiganja, utazame picha peke yake. Ikiwa inakuambia jambo ambalo maneno hayakulisema, kama paka aliyejificha nyuma ya mtungi au mama anayekunja uso huku wenzake wakicheka, chukua. Ikiwa imerudia tu maneno, kirudishe.

Vitabu vikifika nyumbani, viweke kwenye debe au ndoo yenye kifuniko, mahali mtoto anapofikia kwa mkono wake. Unyevu wa kusi na hewa ya chumvi hukunja karatasi na kuotesha ukungu. Mara kwa mara vianike kivulini vipate upepo.

Hatua ya 3: Kuisoma picha

Wengi wetu tunasoma kitabu cha picha kama tunavyosoma barua: maneno mbele, picha tunaipita. Geuza. Fungua ukurasa, ziba maandishi, nyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko shughuli zote zilizomo humu. Mzazi huona kama ameacha kazi yake, akaanza, "Hii ni nini? Na ile? Rangi gani?" Huo ni mtihani, na mtoto akishaona mtihani hufunga mdomo.

Kuna maswali matatu yaliyotungwa na mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York. Kwa Kiswahili chetu yanakuwa hivi: Kuna habari gani hapa? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Tunaona nini tena? Basi. La pili ndilo lenye nguvu, kwa kuwa linamrudisha mtoto kwenye picha akatafute ushahidi. Hakuna jibu la makosa.

Jaribu na picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, fundi wa Japani, iliyochapishwa kwa mbao zilizochongwa karibu mwaka 1831. Ni rahisi kuipata. Watu wa bara huanza na wimbi. Watoto wa hapa huanza na vyombo: viko vitatu, vimejaa watu walioinama. Halafu huja swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mgeni yeyote: "Mbona havina tanga?" Ni kweli, ni vyombo vya makasia. Mwingine ataona mlima mdogo mweupe nyuma kabisa, na kudhani ni wimbi jingine. Huo ni mlima Fuji, na si ajabu kuchanganyikiwa. Msimalize picha siku moja.

Kabla ya kushika kalamu: picha za viumbe

Katika nyumba nyingi za hapa kuna swali la kuchora watu na wanyama. Wapo wasioona shida kwa mchezo wa mtoto, wapo wanaojizuia kabisa. Sitoi fatwa, kila nyumba ina msimamo wake na wazee wake. Ninachosema ni kwamba msimamo huo usiwe sababu ya kumnyima mtoto sanaa, kwani utajiri mkubwa wa mji huu umejengwa bila sura ya kiumbe hata mmoja. Tazama plasta iliyochongwa kwenye kuta za nyumba za mawe, tazama ukili wa mkeka, tazama misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, ilivyopambwa pembezoni. Shughuli nyingi hapa chini zinafaa nyumba zote mbili. Na ukimpokea mtoto wa jirani siku ya kuchora, muulize mamake kwanza.

Hatua ya 4: Waridi la mchangani

Nendeni pwani maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa bado na unyevu. Chukueni vijiti viwili na uzi wa urefu wa mkono wa mtoto.

Funga uzi kwenye vijiti vyote viwili, kimoja kila ncha. Kimoja chomeka mchangani kisimame, na uzi ukiwa umekazwa zungusha cha pili kuchora duara kamili. Sasa hamisha kijiti cha katikati ukichomeke popote juu ya mstari wa duara hilo, uchore duara jingine bila kubadilisha urefu wa uzi. Pale duara la pili linapokata la kwanza, chomeka kijiti tena, uchore la tatu. Endelea hivyo kuzunguka. Ukifika la sita juu ya mstari, utajikuta umerudi pale pale ulipoanzia, bila kupungukiwa wala kuzidi, na katikati pamefunguka ua la majani sita.

Mtoto asiyelitarajia hupiga kelele. Ni hesabu tupu: nusu kipenyo cha duara huingia mara sita kamili ukikipima kutoka alama hadi alama kwenye mzingo wake. Lakini usimweleze mapema. Mwache ajaribu kuweka saba, aone inavyokataa. Uzi ukilegea, ua linapinda, na hapo atajifunza kukaza bila kuambiwa.

Siku nyingine mrudie kazi ile ile kwenye karatasi kwa bikari ya shule. Akichora maua mengi yanayogusana atapata mtandao ambao atautambua kwenye vigae, kwenye dirisha la msikiti na kwenye kofia ya babake. Watoto wa miaka mitano hawawezi bikari. Wape vifuniko vya chupa na vikombe wazungushie penseli.

Hatua ya 5: Leso yake mwenyewe

Leso ni kitabu cha sanaa kinachofuliwa kila wiki. Tandika moja chini, umwonyeshe mtoto sehemu zake tatu: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yale maandishi. Mwambie pia kwamba maandishi hayakuwapo tangu mwanzo. Yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye leso zake mpaka leo huwa na alama ya "Mali ya Abdulla". Kabla ya viwanda, mapambo yalipigwa kwa mkono, kwa chapa za mbao. Na hivyo ndivyo mtakavyofanya.

Chapa ya kwanza ni bamia. Ikate kwa upana, uikaushe kidogo kwa kitambaa, ichovye kwenye rangi iliyomwagwa kwenye sahani, igandamize juu ya karatasi: inatoa ua la pembe tano lenye vyumba ndani. Iliyobaki iingie mchuzini.

Chapa ya pili inadumu. Okoteni ndara zilizoachwa na maji pwani, hazikosekani. Osha, kausha, na mtu mzima akate soli kwa kisu kikali: pembetatu, nusu duara, jani, korosho. Gundisha kila kipande kwenye kibao kidogo cha kushikia. Hapo msimulie habari za Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, fundi wake akiwa Ali Skanda, likavishwa ndara zipatazo 30,000. Lilizinduliwa 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Mpangilio wa kazi:

1. Tandaza shuka kuukuu au karatasi ya manila juu ya gazeti.
2. Piga mstari wa penseli kutenga pindo, upana wa kiganja.
3. Pindo lianze. Chapa mbili zipokezane, na mtoto aamue mwenyewe kona atazifanyaje. Atakumbuka mnyororo wa mlangoni, asipokumbuka, usimkumbushe.
4. Mji ufuate, pambo moja kubwa au mengi madogo.
5. Jina mwishoni. Mwache atunge. Yatakuja maneno ya ajabu, "Sitaki kuoga" na mengine mabaya zaidi, na ukicheka umemlipa.

Mwenye umri wa miaka minane na kuendelea mwonyeshe kazi za Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, aliyeshinda tuzo ya Turner mwaka 2017. Ana michoro iliyofuata mpangilio wa kanga, pindo, mji na maneno yake, na imetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa. Mtoto akiona vazi la bibi yake limepata heshima hiyo, huitazama kamba ya nguo kwa jicho jingine.

Hatua ya 6: Rangi kutoka jikoni

Rangi za maji za dukani ni sawa, ila kutengeneza rangi ni nusu ya mchezo. Makaa yaliyosagwa yakachanganywa na gundi kidogo hutoa nyeusi. Kahawa iliyochemshwa mpaka ikakauka kidogo hutoa hudhurungi nzuri ya mbao. Ya ajabu ni manjano, kile kiungo cha mchuzi.

Koroga kijiko kimoja cha manjano ya unga kwa maji kidogo, mtoto apake karatasi nzima, iachwe ikauke. Katika kikombe kingine yeyusha magadi. Mpe brashi safi, au kijiti kilichofungwa pamba, achovye kwenye maji ya magadi na kuchora juu ya ile njano. Mstari unatokea mwekundu wa matofali papo hapo, kutoka kwenye maji yasiyo na rangi. Halafu mpe kipande cha ndimu afutie: wekundu unaondoka, njano inarudi. Kila aliyewahi kufua kanzu yenye doa la mchuzi kwa sabuni ya mche anaijua siri hii, maana doa hugeuka jekundu mikononi mwake. Magadi na sabuni huibadilisha manjano rangi, ndimu huirudisha.

Angalizo: manjano haitoki nguoni kirahisi, na picha yake hupauka ikitundikwa juani.

Hina nayo ni rangi na ni mchoro. Mtoto azungushie kiganja chake kwenye karatasi, kisha achore maua ya harusi ndani. Kwenye ngozi, hina ya majani haina neno. Piko nyeusi iliyotiwa rangi ya nywele usimguse nayo mtoto kabisa; kuna waliobabuka wakabaki na makovu.

Hatua ya 7: Pakiti za unga

Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye alifundisha, na uzeeni akarudi kwenye sanaa bila pesa za kununua rangi. Akachukua karatasi za sabuni na za pakiti za unga, akazichanachana vipande vidogo, akagundisha: kuku, mbuzi, wanawake kazini. Kazi hizo zilionyeshwa mpaka ng'ambo.

Kwa wiki moja kusanya kila kifungashio cha karatasi kinachoingia nyumbani. Gundi ipike mwenyewe: vijiko 3 vya unga wa ngano kwenye kikombe 1 cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, weka kwenye moto mdogo ukikoroga hadi iwe uji mzito. Haidhuru mtoto akiiramba. Karatasi zipangwe kwa rangi, si kwa jina la bidhaa, na zichanwe kwa vidole. Mkasi hutoa ukingo mkavu. Mtoto wa miaka mitatu atachana tu, na kuchana kunamtosha.

Kwa siku yenye haraka, weka sarafu chini ya karatasi nyembamba na usugue penseli kwa ubavu juu yake. Sarafu mpya za Kenya zina wanyama, na shilingi moja ina twiga. Msimulie kwamba mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme wa China twiga, na kwamba watu wengi wa kule hawakuwa wakimjua mnyama huyo. Kisha mwambie amchore twiga kwa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hatua ya 8: Awe mwenye kitabu

Baada ya miezi michache ya kusoma vya wenzake, atengeneze chake. Karatasi moja ya kawaida inatosha kwa kurasa nane.

Ikunje nusu mara tatu, kila mara ukiukunja ule upande mrefu. Ifungue yote: kuna vyumba vinane. Ikunje tena nusu, zile ncha fupi zikutane, na kuanzia upande wa mkunjo kata kwa mkasi kufuata mstari wa katikati mpaka kwenye mkunjo unaofuata. Simama hapo. Fungua, utaona mpasuo katikati ya karatasi. Sasa ikunje kwa urefu, shika ncha zote mbili na uzisukume zikaribiane. Mpasuo unafunguka na kurasa zinajipanga zenyewe.

Picha zitangulie, maneno yafuate. Asiyejua kuandika akutajie na wewe uandike vile vile alivyosema, Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, na makosa yake. Habari ziwe za karibu: bibi anavyooka mkate wa mofa, punda aliyekataa kushuka gatini, siku umeme ulipokatika. Kitabu kikiisha kiingie kwenye lile debe pamoja na vingine, kisomwe usiku kama vingine.

Ulimi wa mzazi

Mtoto akikuletea mchoro usiulize "Hiki nini?" Sema, "Nipe habari zake." Badala ya "Mzuri sana!" isiyotazama, taja ulichokiona: "Huku umetia mawimbi mengi, huku umeacha peupe." Usishike penseli ukarekebishe pua, mchoro ukishaguswa na mkubwa si wake tena. Usiulinganishe na wa dadake. Nyuma andika tarehe na alivyouita, utundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ukiletewa mpya wa zamani uteremke uhifadhiwe.

Na shuleni, mtaala wa umilisi una kazi nyingi za mikono ambazo sote tunajua huishia kufanywa na wazazi usiku wa manane. Mtoto apeleke kazi yake, hata ikiwa imepinda.

Anapoacha kuchora

Baina ya miaka tisa na kumi na moja wengi huacha. Si uvivu. Jicho limekua kuliko mkono, anaona kwamba farasi wake hafanani na farasi, anaona haya. Sifa hazimsaidii wakati huu, anahitaji ufundi. Mpe zoezi la kuchora kiatu bila kutazama karatasi, macho yakifuata ukingo wa kiatu taratibu na mkono ukifuata macho. Matokeo yatachekesha, na kicheko huondoa haya. Zoezi jingine, achukue picha kutoka kitabuni, aigeuze juu chini, aichore hivyo hivyo: hatajua anachora pua, kwa hiyo atachora mistari anayoiona kweli.

Wengine wanaitikia zaidi hati za Kiarabu, ambazo tayari wanazishika chuoni. Funga penseli mbili pamoja kwa mpira, mwache aandike alifu na be: mistari miwili inayokwenda sambamba inamwonyesha pale kalamu inapopanuka na inapokonda. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliweka vipimo vya herufi kwa nukta za kalamu yenyewe, na mtoto anayependa sheria na hesabu ataipenda habari hiyo. Akitaka zaidi, tafuta mwanzi, uuchonge mshazari.

Huu pia ndio umri wa kumpeleka kwa fundi. Wachongaji wa milango na viti wapo mjini, waunda mashua wapo Matondoni, na washona kofia pengine wapo mlango wa pili kutoka kwako. Nenda alasiri, jua likipoa, usimchukue wakati fundi anahangaika na kazi ya mteja. Toa salamu, ueleze mwanao anapenda nini, umwombe fundi kipande cha mti kilichobaki na ruhusa ya kugonga patasi mara chache akiwa anaangaliwa. Wengi watakubali. Wengine watamwambia afagie maranda kwanza, wiki mbili tatu, kabla ya kugusa chombo. Afagie.